"Ni lazima", "inafaa", "unaweza": maneno ya chanjo na uhuru wa kukataa

Mwezi wa tatu mwaka 2019 nilikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari mjini Butembo, na kichwa changu kilikuwa kwenye mtihani wa Serikali tu. Asubuhi moja ekipe ya chanjo ya Ebola iliingia katika kiwanja chetu. Jirani mmoja alikuwa amekufa siku chache mbele, na tantini yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa amempelekea chakula kabla hajahamishwa lopitali. Jina la tantini likawa ndani ya orodha.

Munganga aliyeongoza ekipe alitoka mbali. Alisema Kifaransa, na alipotaka kutuchangamsha alisema Lingala, ambayo kwetu watu wengi huisikia kwanza kama lugha ya askari. Tantini anasema Kinande na Kiswahili. Kifaransa chake ni cha sokoni, cha kuhesabu pesa. Kwa hiyo wote wakanitazama mimi.

Karatasi ya ridhaa ilisomwa kwa sauti. Nilielewa kila kitu. Ilisema kwamba chanjo ile ilikuwa bado inatolewa chini ya utaratibu wa utafiti, kwamba inaweza kuleta homa na maumivu ya kichwa na ya viungo kwa siku chache, kwamba kuchanjwa ni kwa hiari, na kwamba mwenye kukataa ataendelea kufuatwa na kutunzwa sawa na wengine. Munganga akanyamaza, akingoja. Tantini akaniuliza: "Banasema nini?"

Nikamjibu: "Banasema ni lazima bakuchanje."

"Kama ni lazima, bachanje." Akasaini, akatoa mkono.

Jambo hili halikuchukua hata dakika moja. Nilikuwa na woga wa kumpoteza, nilitaka achanjwe, na nilijua kwamba nikitamka neno "kukataa" angelishika hilo na kuacha mengine. Leo ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu maneno ya afya katika Kiswahili cha Kivu. Kila ninapofungua daftari langu la maneno ninarudi kwenye ile sentensi. Katika makala hii nataka kueleza kilichokuwa ndani yake, maana naamini haikuwa yangu peke yangu. Katika miezi ile, karatasi nyingi zilizosema "unaweza" ziliingia nyumbani zikiwa zimegeuka "ni lazima".

Pete na daraja

Kwanza tueleze chanjo yenyewe, maana bila hiyo swali la uhuru halisimami. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kuonekana Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikuwa limehesabu wagonjwa 3470 na wafu 2287. Nchi yetu ilikuwa imeona Ebola mara tisa kabla ya hapo, tangu Yambuku mwaka 1976, lakini haikuwahi kuona mlipuko mkubwa kama ule, tena ndani ya eneo la vita.

Chanjo iliyotumika iliitwa rVSV-ZEBOV, na baadaye Ervebo. Haikutolewa kwa watu wote. Ilitolewa kwa mtindo wa pete: mgonjwa akipatikana, wanatafutwa wale waliomgusa au kukaa naye, kisha wale waliokaa na hao, na wote wanachanjwa, ili virusi vikitafuta njia ya kutoka vikute ukuta kila upande. Mtindo huu ulisaidia kumaliza ndui duniani katika miaka ya 1970, na kwa Ebola ulijaribiwa Guinea mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba dozi chache zinafanya kazi kubwa. Ugumu wake ni kwamba kila anayekataa anaacha tundu katika pete. Mtu akikataa kumeza dawa ya kichwa, kichwa ni chake. Akikataa ndani ya pete, anaacha njia wazi kuelekea watu ambao hawakuulizwa neno.

Kwa hiyo siandiki hapa kwamba kila mtu na mwili wake, basi. John Stuart Mill, Mwingereza ambaye kitabu chake juu ya uhuru kilitoka mwaka 1859, anatajwa sana na wale wanaosema hivyo, lakini yeye mwenyewe aliweka mpaka: jamii inaweza kumzuia mtu asiwadhuru wengine, haiwezi kumlazimisha kwa faida yake mwenyewe tu. Shida ya Ebola ni kwamba mambo haya mawili yanaingia katika mshipa mmoja kwa sindano moja.

Ila Mill ana mfano mwingine ambao kwangu mimi, mwanafunzi wa lugha, una uzito zaidi. Mtu anataka kuvuka daraja bovu. Ukimwona na hakuna nafasi ya kumwonya, mshike mkono umrudishe. Hukumnyima uhuru, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama nafasi ya kumwonya ipo, na kuanguka si hakika bali kunawezekana tu, basi mwonye, kisha mwache aamue, maana yeye ndiye anayejua safari yake ina haraka gani.

Nilipousoma mfano huu katika mwaka wa kwanza nilijiuliza swali moja ambalo sikuliona ndani yake: je, kama anayeonya na anayevuka hawasemi lugha moja? Mill anachukulia kwamba onyo likitolewa limeeleweka. Butembo haikuwa hivyo. Kulikuwa na mto, daraja bovu, na mtu akipiga kelele kwa Kifaransa. Katikati yao alisimama kijana wa miaka 18 aliyeamua mwenyewe nini kivuke na nini kibaki.

Maneno yaliyofika na magari

Kazi nzima ya kupambana na ugonjwa iliitwa kwa Kifaransa "riposte". Neno hili lina asili ya Kiitaliano, lenye maana ya jibu, likaingia katika mchezo wa panga: adui anapiga, unazuia, unampiga wewe. Sisi tulilichukua kama lilivyo, tukasema "riposti", na mtu aliyepata kazi huko tukasema "iko mu riposti". Ukiwa Paris, neno lile ni picha tu. Ukiwa Beni, ambako watu walikuwa wakichinjwa usiku miaka mingi kabla ya Ebola, na ukaona magari ya riposti yakisindikizwa na askari wenye bunduki, picha inakuwa kitu chenyewe. Anayepigwa ni nani? Virusi havionekani. Anayeonekana ni jirani anayepakiwa garini.

Halafu "cas suspect". Kwa waganga maana yake ni ndogo na nyepesi: mtu mwenye homa na dalili nyingine, ambaye damu yake haijapimwa. Wengi walilitafsiri "mshukiwa". Lakini kushuku kwa Kiswahili ni kumwekea mtu shaka ya kosa. Mshukiwa ni wa wizi, wa mauaji, wa kituo cha polisi. Nimeandika katika daftari langu jibu la mzee mmoja wa Katwa aliyenisimulia jinsi alivyoambiwa ni mshukiwa: aliuliza ameshtakiwa na nani. Ndilo swali ambalo Mswahili yeyote angeuliza. Mtu aliyeitwa mshukiwa anatafuta kujitetea, au anatoroka. Hatafuti kitanda.

"Contact" lilikuwa na mkosi mwingine. Katika miji yetu "kontakti" ni namba ya simu. Kumwambia mama "wewe ni kontakti" ni kumwambia kitu kisicho na kichwa wala mkia, mpaka aelezwe. Na akiisha kuelezwa, anaambiwa yeye ni "kontakti ya hatari kubwa".

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno hili ndilo moyo wa jambo. Kifaransa kinatenga "danger" na "risque". La kwanza ni kitu chenyewe: nyoka, moto, shimo. La pili ni hesabu: uwezekano kwamba kitu kibaya kitatokea, mkubwa au mdogo. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu neno "hatari", na kwa mazoea ya kila siku linabeba yote mawili. Hilo peke yake si kasoro. Lugha nyingi hufanya kazi vizuri na neno moja pale lugha nyingine zina mawili, na muktadha husaidia. Ugumu unaanza unapoliunganisha na mtu. "Mtu wa hatari" kwa Kiswahili ni mtu wa kuogopwa, kama vile "mnyama wa hatari" ni chui na si swala. Kwa Kifaransa "personne à risque" ni kinyume chake: ni swala. Ni yule anayeweza kupatwa. Kwa hiyo "contact à haut risque", yaani mtu anayehitaji kulindwa kwanza kuliko wote, alivuka mpaka wa lugha akatokea upande wa pili akiwa mtu wa kukimbiwa. Tantini alihesabiwa hivyo. Kwa siku 21, ambazo ndizo siku nyingi kabisa ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya kuonekana, wateja walipita mbele ya meza yake ya unga wakaenda kununua kwa mwingine. Hakuna sheria iliyowakataza kununua kwake. Neno lilitosha.

Tungeweza kusema "mtu anayeweza kupatwa". Ni refu, ndiyo. Lakini ni kweli.

Niongeze jambo la sarufi ambalo halionekani haraka. Matangazo mengi yaliandikwa kwa kauli ya kutendwa bila mtenda: "hairuhusiwi kugusa maiti", "imekatazwa kuzika bila ekipe", "inaombwa kunawa mikono". Kiswahili kinaruhusu hili kwa urahisi. Unamtoa mtenda na "na" yake, sentensi inabaki kamili. Ila msikilizaji hajui nani haruhusu. Ni gavana? Ni munganga? Ni wazungu? Ni sheria, au ni ushauri wa mtu aliyechoka mwisho wa siku? Na kama hujui nani amekataza, hujui pia umwendee nani kuomba, kuuliza au kulalamika. Uhuru unapungua bila mtu kuonekana akiupunguza. Linganisha na "sisi waganga tunawaomba msimguse marehemu, kwa sababu maji ya mwili wake yana virusi vingi kuliko alipokuwa hai". Sentensi hii ina mwenyewe. Unaweza kubishana nayo. Na mara nyingi mtu aliyepewa nafasi ya kubishana hakubishana.

Sasa lile neno langu. "Lazima" linajulikana. Lakini kati ya "lazima" na "unaweza" kuna "inafaa", na "inafaa" kwetu imekuwa tafsiri ya "il faut". Katika Kiswahili cha vitabu kitu kinachofaa ni kizuri, kinatosha, kina manufaa. Ukiacha, umepoteza faida. Katika kinywa cha mtu wa ofisi huko kwetu, "inafaa ulipe" ni amri. Sikio la raia limezoezwa na miaka mingi ya ofisi: likisikia "inafaa" kutoka kwa mtu mwenye karatasi na kalamu, linasikia "lazima". Kwa hiyo hata mkalimani mwaminifu kuliko mimi, angesema "inafaa uchanjwe", angefika mahali pale pale nilipofika.

Na "kukubali"? Karatasi iliuliza kama mgonjwa anakubali. Kwa Kiswahili anakubali yule anayependa, na anakubali pia mwizi aliyebanwa mpaka akakiri. Kitenzi kimoja kinaweza kubeba ridhaa ya moyo na kusalimu amri. Lipo neno "ridhaa", zuri, lakini mwulize mama wa sokoni Butembo maana yake, atakuambia ni jina la mtu. "Idhini" nayo inatoka juu kwenda chini. Mkubwa ndiye anayetoa idhini. Nimetafuta muda mrefu neno moja la mtu mdogo anayeruhusu jambo juu ya mwili wake akiwa na nafasi kamili ya kulikataa. Nadhani halihitaji kuwa neno moja.

Hatari ya nani?

Siku ile ile, kiwanja kile kile, kulikuwa na mama mwingine, mpangaji wetu, ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Yeye alikaa karibu na marehemu kuliko tantini, na alitaka chanjo. Alikataliwa. Wakati ule wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hawakuchanjwa, kwa sababu chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa na haikujulikana vingefanya nini kwa mtoto. Mwaka huo huo wa 2019 wakubwa wa afya waligeuza uamuzi, na kuanzia mwezi wa sita wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza wakaanza kupewa. Kwa mpangaji wetu ilikuwa imechelewa. Bahati nzuri hakuugua.

Basi tazama. Mmoja alikuwa na haki ya kukataa na hakuambiwa. Mwingine alikuwa tayari kubeba hatari ya chanjo kuliko ile ya Ebola, akaambiwa hatari hiyo si yake kubeba. Tunapozungumza juu ya uhuru na sheria za afya, tunamfikiria upesi yule anayekataa: asiyevaa barakoa, asiyetaka sindano. Yule anayetaka na kunyimwa kwa jina la kulindwa hatumkumbuki, ingawa naye amefanyiwa uamuzi na watu wasiomjua.

Mara nyingine hatari ilihesabiwa kwa namna ambayo hakuna tafsiri ingeiokoa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi huko magharibi, hazitapiga kura mpaka mwezi wa tatu 2019. Sababu zilizotolewa kwetu zilikuwa Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni moja wakawa nje ya hesabu, na rais aliapishwa Januari bila kura zao. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa. Shule zilifundisha. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe isiyo na hesabu rasmi: walipanga mistari, wakanawa mikono kabla ya kuingia, wakapiga. Kwangu, katika habari zote za miaka ile miwili, hakuna maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya kuogopa ugonjwa na kuudharau. Hawakusema Ebola haipo. Walisema: tumejifunza kunawa, kwa nini tusipige kura?

Kuanzia hapo, kila neno la riposti lilisikika kwa sikio jingine. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na OMS, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Nisieleweke vibaya: hakuna aliyechukua bunduki kwa sababu ya tafsiri mbaya ya "suspect". Waliofanya hivyo walikuwa na mambo yao, ya pesa na ya silaha. Nasema tu kwamba mahali ambapo watu wa kawaida wangeweza kusimama upande wa waganga kwa sauti, wengi walinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa na historia.

Historia hiyo ni ndefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wabelgiji walipopambana na malale, waliwapima watu shingo kwa vidole, wakawafungia wagonjwa katika vituo vilivyoogopwa kama gereza, na wakamdai Mkongo karatasi ya afya ili apite kutoka eneo moja hadi jingine. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu wengi mno. Karatasi nayo ilikuwa ya kweli. Babu za babu zetu walijifunza mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, na sidhani kama yamewahi kutengana vizuri.

Ndiyo maana nilicheka, kicheko kibaya, ilipofika Covid mwaka 2020 na tukaanza kusikia redioni juu ya "gestes barrières". Kwetu "barieri" ni kamba iliyokatizwa barabarani, na kando yake kuna mtu unayemlipa ili aishushe. Wakati wa Ebola, kwenye barieri hizo hizo waliweka ndoo ya maji yenye dawa na mtu wa kupima joto. Kisha ikaja amri ya barakoa na faini yake, na katika masoko mengi polisi walijua faini kuliko walivyojua barakoa. Safari ile angalau kulikuwa na sheria iliyotajwa: hali ya dharura ilitangazwa tarehe 24 Machi 2020 kwa mujibu wa Katiba. Wakati wa Ebola huko Kivu haikuwepo hali ya dharura. Kifungu cha 30 cha Katiba kinachompa mtu uhuru wa kutembea, na cha 16 kinachosema mtu ni mtakatifu na Serikali inapaswa kumheshimu na kumlinda, vyote vilikuwa vinafanya kazi. Chanjo kwa sheria ilikuwa hiari. Ulazima uliokuwepo ulitengenezwa na sare, na foleni, na woga, na vitenzi.

Nilipoyasema haya darasani, mwenzangu mmoja, kijana makini ambaye dada yake ni muuguzi Beni, alinijibu kwa ukali. Alisema: nyumba ikiwaka moto huchagui kitenzi, unapiga kelele. Alisema pia kwamba chanjo ile ilifanya kazi, na hapo ana haki. Tathmini ya kwanza iliyotolewa Aprili 2019 ilikadiria kwamba ilikinga kwa asilimia 97.5; utafiti uliochapishwa mwaka 2024 juu ya mlipuko huo huo uliishusha hadi 84, ambayo bado ni kinga kubwa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. "Kama ungemwambia tantini wako anaweza kukataa," aliniuliza, "na angekataa, na angekufa, leo ungeandika makala gani?"

Sina jibu la haraka. Najua ningeandika makala nyingine, au nisingeandika kabisa. Lakini mfano wa moto haunishiki, na hapa namrudia Mill na daraja lake. Kumshika mtu mkono kunakubalika pale ambapo hakuna nafasi ya kumwonya. Sisi tulikuwa na nafasi. Munganga alikuwa amesimama, ameshanyamaza, ananingoja. Sentensi niliyoiruka ingechukua muda wa kumeza mate mara moja. Waliopima joto la tantini walirudi kila siku kwa siku 21. Yangekuwepo mazungumzo mengi kama yale, na kama angesema hapana siku ya kwanza, siku ya pili mtu angeweza kumwuliza tena. Tena, neno "lazima" halikubaki katika kiwanja chetu. Tantini aliwaambia wenzake sokoni kwamba chanjo ni lazima. Baada ya siku chache mmoja wao alikataa, na hakuna kilichompata: hakukamatwa, hakupigwa, ekipe ikaendelea kumpima joto. Kuanzia hapo, kwa wale wanawake, sikuwa mimi niliyesema uongo. Ni riposti.

Mwaka jana, katika mapumziko, nilirudi Butembo na kumsomea tantini tafsiri mpya ya karatasi ile niliyokuwa ninaiandaa kwa kazi yangu. Nilikuwa nimeweka "ridhaa" katika kichwa cha habari na "kwa hiari yako" katika mstari wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua maharagi. Kisha akaniuliza kama siku ile pia karatasi ilisema hivyo. Nikamwambia ndiyo.

"Sasa juu ya nini uliniambia ni lazima?"

Nikamwambia niliogopa. Alinyamaza kidogo, akaniambia niondoe yale maneno ya kanisani na niandike tu: unaweza kusema hapana, na kesho tutarudi kukuona vilevile. Nikayaandika pembeni mwa karatasi kama alivyoyasema.

Nikamwuliza kama angesema hapana.

"Ningechanjwa," alisema. "Ila ningewauliza kwanza ile homa inamaliza siku ngapi. Ilinikamata siku ya soko kubwa, na unga wote ulibaki."